Kokoto ya Atuganile

Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa bado nyeupe juu ya majani walipoliacha gari barabarani na kuanza kupanda kwa miguu. Mwezi wa saba uwanda wa Ikelo hauna adabu kwa mtu yeyote. Upepo unaingilia kwenye mikono ya koti, unapita kifuani na kutokea shingoni, na hauombi radhi. Atuganile alikuwa amevaa makoti mawili, lake na la marehemu mumewe, na bado meno yalikuwa yakigongana. Hilo halikumzuia kusema. Tangu walipotoka nyumbani alfajiri hakuwa amefunga mdomo, na Ikupa, rafiki yake tangu darasa la pili, alijua kwamba Atuganile akisema sana namna hiyo anaogopa.

Alikuwa akibahatisha ni jambo gani alilolisahau. Alisema pengine aliwahi kuolewa na mwanamume mwingine kabla ya Anyosisye, mtu wa hovyo wa mjini, akaona aibu. Halafu akasema hapana, pengine aliiba. Kilima kilipozidi kusimama na yeye akasimama nacho, mkono kiunoni, akihema, akauliza kama yawezekana aliua mtu.

"Usinijibu," alisema haraka. "Najua huruhusiwi. Nasema tu."

Ikupa alitazama viatu vyake. Alikuwa na miaka hamsini na nane, sawa na mwenzake, mwalimu mstaafu asiye na mume wala mtoto, na kwa muda wa miaka thelathini alikuwa amejizoeza kutazama viatu vyake kila mazungumzo yalipoelekea huku.

Kuhusu jambo lake mwenyewe Atuganile alijua kile tu kilichoandikwa kwenye cheti: kwamba alilitua kwa hiari, kwamba limewekwa katika jiwe la kumi na saba la Ikelo, na shahidi wake ni Ikupa Mwaisumo. Cheti kilisema pia kwamba muda wa jambo hilo unakwisha Desemba ya mwaka huu. Ikupa alijua yaliyobaki. Alijua kuwa ndani ya jiwe lile kulikuwa na mtoto wa kike aliyeitwa Sekela, na kwamba Sekela alikufa mikononi mwake yeye, Ikupa, kwa kosa lake. Leo kabla ya adhuhuri ama Atuganile angekuwa amelifahamu hilo, ama asingelifahamu milele, na aliyetakiwa kuamua ni yule yule mwenye kosa.

*

Wataalamu walipoleta utuaji nyanda za juu, watu waliukataa. Hawakuukataa ule ufundi wenyewe. Kwamba fundi anaweza kukuvisha taji la nyaya kichwani, akaitafuta huzuni yako moja ilipojificha, akaikata na mizizi yake, hilo walilisikia na wengi walilitamani kimoyomoyo. Walichouliza wazee ni kwamba kikishatolewa kinakwenda wapi. Wataalamu wakasema kinaandikwa kwenye kokoto, chembe ya kioo isiyozidi punje ya mahindi, na kokoto zote zitatunzwa ghalani mjini. Wazee wakasema msiba wa mtu haurundikwi pamoja na ya wengine kama viazi, wakaondoka mkutanoni.

Ndipo mtu mmoja alipoyakumbuka mawe ya Ikelo. Yako ishirini na mawili, yamesimama kwa duara juu ya uwanda, na walioyasimamisha hakuna anayewajua. Vizazi na vizazi watu waliokoseana walikuwa wakipanda pale, mkosaji na mkosewa, wamebeba jiwe dogo kwa mikono minne. Waliliweka chini ya mojawapo ya yale makubwa mbele ya shahidi mmoja, na tangu hapo ugomvi wao haukutajwa na mtu. Akitokea wa kutaka kuufufua, ilibidi kwanza amwulize shahidi kama linabebeka. Shahidi akisema halibebeki, wanarudi nyumbani.

Wataalamu walikwenda wakayapima yale mawe, wakakuta yana baridi moyoni mwaka mzima, na kokoto inapenda baridi kuliko kitu kingine chochote. Ikipata joto, picha zake huanza kuyeyukana, uso wa huyu ukaingia kwenye sauti ya yule. Hata kuifungua hufunguliwa hapo hapo jiweni, mwezi wa sita au wa saba, asubuhi. Basi wakatoboa matundu kwenye mawe, wakachukua na desturi yote pamoja na swali lake, wakaiandika ikawa sheria. Kitu kimoja tu kiliwashinda. Hata kwenye baridi kioo huchoka, na baada ya miaka thelathini kokoto hufutika yenyewe, kimya kimya, na aliyekuwamo anakuwa hakuwahi kuwapo.

*

Mtunza mawe, Bwana Tweve, alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Aliwapokea mlangoni pa kibanda chake cha mbao, akawaamkia kwa heshima zote, akawakaribisha ndani wapate moto. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, jekundu, zuri. Atuganile aliingia akakaa karibu nalo hadi koti la marehemu likaanza kutoa moshi. Ikupa alibaki nje ya kizingiti.

"Mwalimu, ingia, baridi itakuua hapo," Tweve alisema, akashika mlango aufunge.

Ikupa alimwomba auache wazi. Tweve akaduwaa, na Atuganile akacheka, akamweleza kwamba mwenzake huyu anaogopa jiko kama watu wengine wanavyoogopa nyoka, ni kilema chake tangu zamani, wala asijisumbue. Alisema kwa upendo kabisa. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma Ikupa miaka yote, upendo wenyewe, unaotolewa na mtu asiyejua anampa nani.

Ilikuwa mwezi wa saba kama huu. Atuganile aliitwa usaili wa kazi mjini, siku mbili, akamwachia Ikupa mtoto wa miezi minne kwa sababu hakuna mtu aliyemwamini zaidi. Anyosisye alikuwa safarini. Siku ya pili asubuhi sakitu ilikuwa imefika hadi kwenye kioo cha dirisha kwa ndani, na mikono ya Sekela ilikuwa ya baridi. Ikupa alifanya alichofanya mama yake, na kila mtu wa huku. Aliwasha jiko uani, akasubiri mkaa uive hadi usiwe na moshi unaoonekana, akaliingiza chumbani. Alifunga dirisha. Akakunja khanga akaizibia chini ya mlango. Akamlaza mtoto kifuani, wakajifunika, wakalala. Jirani alivunja mlango ikikaribia adhuhuri. Ikupa alivutwa nje akitapika, akaishi. Sekela hakuishi.

Kwa miezi mitano Atuganile hakula chakula cha maana wala kusema neno. Desemba alikwenda kituoni, akataka atolewe yote, tangu mimba hadi kaburi, hadi dakika ile ya kukaa kwenye kiti cha fundi. Kwenye fomu, pale panapoulizwa shahidi, aliandika jina la Ikupa. Hakumtazama. Alimsogezea kalamu tu, na Ikupa akatia saini, kwa sababu mtu aliye katika hali yake hakatai kitu anachoombwa na mama wa yule mtoto. Wiki mbili baadaye Atuganile alikuja kwake kuomba chumvi, amependeza, akamtania kwamba amekonda kama mpini. Urafiki ukaendelea pale ulipoachwa. Gwamaka alipozaliwa, kijiji kizima kikajifunza kumwita mama yake kwa jina la mtoto huyo wa pili kama ndiye wa kwanza. Anyosisye naye alitua lake, akafariki bila kulifungua. Wazee waliomzika Sekela wakaisha mmoja mmoja.

Ikupa alibaki na swali moja ambalo halikumpa usingizi wa maana tangu hapo. Alichaguliwa yeye kwa kuwa amesamehewa, au kwa kuwa anaadhibiwa? Aliyejua jibu alikuwa ni yule Atuganile wa Desemba ile, naye yuko ndani ya kioo.

*

Tweve aliwasomea masharti, maana ilikuwa kazi yake, na aliyasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasoma mara elfu. Shahidi hatasimulia jambo, wala sehemu yake, wala jina lililomo. Hapo aliinua macho akaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Kichwa cha binadamu hakipendi pengo, alisema. Ukikiambia hadithi, hata neno moja tu, kinaanza kujichorea picha zake kuziba pale palipokatwa. Kokoto ikija inakuta mahali pamekaliwa. Inakataliwa, na haijaribiwi mara ya pili. Mwaka juzi bwana mmoja alidokezwa na dada yake njiani wanakuja, jina la mtu tu, na jiwe lake likamgomea.

"Kwa hiyo huyu hajakudokeza kitu, Mama?"

"Huyu?" Atuganile alisema. "Huyu hata ukimwuliza saa anafikiria kwanza."

Sharti jingine lilikuwa kwamba shahidi asingeweza kutua jambo lolote la kwake maisha yake yote, maana kisu cha fundi kikipita kwake kinaweza kukata na la mwenzake. Tweve akauliza kama lilizingatiwa. Ikupa akasema ndiyo, limezingatiwa.

Kutoka kibandani hadi kwenye duara ni hatua mia mbili za majani yaliyoganda. Mawe yalikuwa marefu kuliko Ikupa alivyoyakumbuka, meusi, yamelowa upande wa jua na meupe upande wa kivuli. Walipita kati ya mawili yanayotumika kama mlango. Atuganile aliteleza, akatupa mikono, na Ikupa akamdaka kiwiko.

"Taratibu, Mama Se..."

Alijing'ata ulimi. Tweve alikuwa amegeuka anamtazama.

"Mama nani?" Atuganile aliuliza.

"Mama Gwamaka. Meno yanagongana, siwezi hata kusema."

Atuganile alisema hata yeye taya zimekufa ganzi, akamshika mkono wakaendelea. Silabi moja. Na kibaya zaidi, alipokwisha kupumua, aliisikia ndani yake sauti ndogo ikisema ingekuwa rahisi kiasi gani kama angeimalizia. Hakuna ambaye angemlaumu. Ulimi umeteleza, jiwe limegoma, basi, twende nyumbani tukanywe chai. Alijiona mchafu kwa kuwaza hivyo, na bado aliendelea kuwaza.

*

Jiwe la kumi na saba lilikuwa fupi kuliko wenzake na lilikuwa limeinama kidogo. Tweve alifuta tundu lake kwa kitambaa, akafungua kizibo cha shaba, akaliweka taji juu ya kigoda. Akamkalisha Atuganile kwenye blanketi, mgongo jiweni. Akamwambia Ikupa asimame mbele yake wanapoonana uso kwa uso, kama desturi inavyotaka, na yeye akarudi nyuma hatua kumi.

Ikupa alikuwa amekwisha kuamua. Alikata kauli tangu mwezi wa tatu, siku Atuganile alipomletea kile cheti na kumwomba waje. Atasema halibebeki. Na huo haungekuwa uongo, alijiambia, maana alimwona mwenyewe Atuganile miezi ile mitano, anajua lilimfanya nini. Kumrudishia mwanamke mzima aliyetulia, mwenye mwana na wajukuu, kaburi la mtoto lililo bichi kama la jana, kwa faida ya nani? Aliyapanga maneno hayo usiku mwingi, na kila mara yalipangika vizuri. Kilichomkera ni kwamba yalipangika vizuri mno, na kila yalikopita yalimwacha yeye Ikupa salama.

"Kabla sijakuuliza," Atuganile alisema, "nikwambie kitu. Hujui kwa nini nimechagua leo."

Ikupa alidhani ni kwa sababu ya baridi.

"Kila mwaka, tarehe kumi na nne mwezi wa saba, naamka ninalia. Tangu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Sikuwahi kukwambia kwa sababu naona aibu. Anyosisye alikuwa ananiuliza kuna nini, namwambia ni ndoto. Si ndoto, Ikupa. Nalia kama mtu aliyefiwa, halafu nanawa uso nachemsha chai." Aliyapangusa macho kwa mkono wa koti, ingawa hayakuwa na machozi bado. "Naona aibu kulia bila kujua namlilia nani. Ni kama namkosea heshima, sijui nani huyo. Leo nimelia tena kabla hujanipitia. Sasa basi. Jambo hili linabebeka?"

Ikupa aliyatafuta maneno yake ya miezi minne, hakuyaona. Tarehe kumi na nne. Kumbe fundi alikata akaacha mzizi. Kumbe walikuwa wakilia wawili kila mwaka siku hiyo hiyo, nyumba mbili, mtaa mmoja, mmoja anajua na mwingine hajui, na yeye mwenye kujua alijifungia ndani ili asionekane.

Alifikiria kuhusu kubebeka. Watu walilijibu swali lile kwa kumwangalia mwenye jambo, ana nguvu gani, ana umri gani. Lakini jambo hili lilikuwa na mchukuzi wake tayari. Alilibeba miaka thelathini, na kosa juu yake, na halikumwua, ingawa yalikuwapo majira aliyotamani limwue. Hakuwa na ushahidi mwingine duniani zaidi ya huo, na ulikuwa wa kweli.

Alimwogopa Atuganile kuliko alivyopata kumwogopa mtu yeyote. Alitaka kumwomba radhi hata kabla, akakumbuka kwamba radhi nayo ni kudokeza.

"Linabebeka," alisema.

*

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Tweve alimvisha taji, akaingiza sindano ya kusomea jiweni, taa ndogo ikawaka rangi ya machungwa. Atuganile alifumba macho. Mwanzoni alitabasamu, tabasamu pana la msichana, mkono wake ukaenda tumboni wenyewe. Ikupa alijua ameshaifikia mimba. Halafu mikono yote miwili ikapanda kifuani ikakaa kama inashika kitu, ikikibembeleza, na midomo ikawa inacheza bila sauti. Ikupa alitaka wakati usimame pale. Haukusimama. Uso ulibadilika, ukavutika, na kutoka kwa Atuganile ikaja sauti ambayo Ikupa alikuwa ameisikia mara moja tu, uani kwa Anyosisye, siku ile gari la kutoka mjini lilipomshusha.

Taa ikazima. Tweve aliondoa taji, akaokota kigoda chake, akaenda zake kibandani bila kugeuka. Hilo nalo ni desturi.

Atuganile alifumbua macho. "Sekela," alisema.

Ikupa hakuwa amelisikia jina hilo kwenye kinywa cha mtu mwingine kwa miaka mingi. Machozi yalimtoka kabla hajajua.

Kisha Atuganile alimwona. Alimtazama muda mrefu, kwa namna mtu anavyotazama mlango uliovunjwa.

"Ondoka mbele yangu."

Ikupa aliondoka. Alirudi nyuma hadi nje ya duara, akasimama nyuma ya jiwe la mlango, miguu kwenye sakitu. Hakwenda garini. Hakujua kama anangoja kufukuzwa au kuitwa, alijua tu kwamba safari hii halali usingizi huku mtu akifa. Alimsikia mwenzake akilia, akinyamaza, akilia tena, akisema na mtoto kwa Kinyakyusa maneno ya kumlisha na kumvalisha. Jua lilipanda likafika kichwani mwa mawe. Barafu ya upande wa magharibi ikaanza kudondoka matone.

"Ikupa."

"Nipo."

"Njoo. Ishia hapo." Sauti ilikuwa imekauka. "Nakuchukia. Nataka ulijue hilo. Si chuki ya zamani, ni ya leo. Wewe umekuwa na miaka thelathini ya kuzoea, mimi nimetoka kumzika sasa hivi."

"Sijazoea."

"Nimekuomba chumvi," Atuganile alisema, kana kwamba anazungumza na mawe. "Nimekula kwako. Nimekucheka kwa kuogopa jiko, mbele za watu, mwaka baada ya mwaka, na wewe unacheka na mimi."

Ikupa alisimama, akalipokea, na katika kulipokea ile hofu yake kubwa ikawa imekwisha kazi, ikamtoka. Akabaki na lile swali peke yake. Alijua si mahali pake kuuliza. Akauliza.

"Kwa nini uliniandika mimi? Ulinisamehe, au ulitaka niumie?"

Atuganile alimwangalia kama vile hakuelewa. Kisha akaelewa, na ikamchukua muda kupata maneno, kwa maana lile la Desemba lilikuwa bado linatafuta mahali pa kukaa kichwani mwake.

"Nilikuona kituoni," alisema. "Wiki moja kabla yangu. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la wanaosubiri, na wewe ulikuwa unataka kutua. Nilipita nje, hukuniona."

Ni kweli, na aliambiwa arudi siku nyingine. Ikupa alikuwa ameisahau asubuhi ile, au alijifanya amesahau.

"Mimi nilikuwa Mbeya siku mbili, Ikupa. Kwenye hii kokoto zimo siku zake zote, tangu aliponipiga teke la kwanza. Zote isipokuwa zile mbili. Zile sina. Nilifika nikamkuta amekwisha kuvikwa nguo nyeupe. Zile siku mbili zilikuwa kwako peke yako, na wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi unataka zikatwe, zitiwe kwenye kioo, zifutike. Nikajua shahidi haruhusiwi kutua. Nikaandika jina lako."

"Kwa hiyo hukunisamehe."

"Sikuwa nawaza habari zako," Atuganile alisema. "Nilikuwa nawaza mtoto wangu."

Upepo ulipita kati ya mawe. Ikupa alikaa chini palepale aliposimama, kwenye majani yaliyolowa. Miaka thelathini aliipima kila chumvi, kila salamu, kila kicheko, akitafuta kama ni msamaha au ni kisasi, na haikuwa hiki wala kile. Aliwekwa tu mahali, kama chombo kinavyowekwa, kwa sababu kilikuwa na kitu ndani yake. Ilimuuma kuliko chuki. Na chini ya maumivu hayo, kwa aibu, alihisi kitu kinachofanana na kupumzika.

"Sasa nipe," Atuganile alisema. Alikuwa amejisogeza, nafasi ikapatikana kwenye blanketi, si kubwa, na hakumwambia akae wala asikae. "Nipe zote mbili. Usifupishe, na usinilinde. Ukifika pale pabaya usiruke. Nitakuchukia ukiwa unasimulia na nitakuchukia ukimaliza, sijui hadi lini, lakini zile siku ni zangu. Anzia nilipofunga mlango."

Ikupa alisogea akakaa kwenye ncha ya blanketi. Alifungua kinywa na sauti haikutoka. Jambo alilokatazwa kwa kiapo, alilolilinda hadi ndani ya homa na nusukaputi, lilikuwa halijui tena njia ya kutokea. Alijaribu mara ya pili.

"Ulipofunga mlango hakulia," alisema. "Aliutazama. Nilidhani atalia, nikawa nimejiandaa. Halafu akauona mguu wake."

"Upi?"

"Wa kushoto. Soksi ilikuwa imetoka. Alikuwa hajawahi kuuona vizuri, nafikiri. Akawa anautafuta kwa mkono, anaukosa, anautafuta tena, na kila akiukosa ananiangalia mimi kama vile nimeuficha."

Atuganile alifumba macho ili amwone.

"Endelea," alisema.